Geuza Lundo

Dada yangu ni fundi cherehani, na katika ufundi huo ana kasoro moja ambayo mafundi wenzake hawajamsamehe: akikuambia Jumamosi saa nne, Jumamosi saa nne unavaa. Mnaowajua mafundi mtaona natia chumvi. Fundi wa kawaida ana neno moja tu, njoo kesho, na kesho yake haina mwisho. Wapo walioolewa wamevaa gauni la kuazima huku la kwao liko kwa fundi linangoja vifungo. Dada alisema kumngojesha mtu ni kumwibia siku, na siku ikiibwa huwezi kwenda kushtaki polisi.

Kilichoniudhi ni kwamba yeye mwenyewe aliibiwa siku zake bila kupiga kelele. Penye benchi alikaa. Posta, benki, ofisi ya maji, kwa mkuu wa shule, popote alipoambiwa subiri kidogo alitandika leso, akaketi, akapakata mkoba wake na kutulia kama maji mtungini. Wenzake walipoanza kunung'unika aliwatazama kwa huruma, akawaambia subira yavuta heri. Nilimjibu mara nyingi kwamba ngojangoja huumiza matumbo, lakini sikuwahi kumshinda, na sababu ya kutomshinda ni mimi mwenyewe.

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka tisa, dada ana kumi na sita. Alinilea katika chumba kimoja, cherehani upande wa dirisha, kitanda upande wa mlango, na katikati meza ndefu ya kukatia. Wateja walileta vitambaa mchana kutwa, naye aliviweka mezani kimoja juu ya kingine, kila kimoja kimebanwa karatasi kwa pini. Kazi yangu ya jioni ilikuwa kuligeuza lundo lile juu chini, ili aliyetangulia kuleta awe wa kwanza kukatiwa. Niliichukia kazi ile. Vitambaa vilikuwa vizito na pini zilinichoma. Siku nyingine nilijifanya nimesahau, na dada, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, aliniambia, "Kasuku, geuza lundo." Kasuku ni mimi. Mdomo wangu haukulala tangu utotoni.

Nilipomaliza shule, ofisi ya ardhi ilikuwa inatafuta karani. Dada alichukua barua yangu ya maombi, akaitia kwenye bahasha, akaenda. Akaambiwa mkubwa yuko kikaoni. Akatandika leso. Alikaa kwenye benchi la ukumbi ule siku kumi na moja, anafunga cherehani asubuhi na kuifungua jioni, na siku ya kumi na mbili yule mkubwa, nadhani kwa kuchoka kumwona, akamwita ndani na kunipa kazi. Nilikula mshahara wa ofisi ile miaka thelathini na moja. Sasa utabishana vipi na mtu kama huyo? Kila nilipofungua mdomo kuhusu benchi, alinitazama tu, nami nikaufunga.

Kisha ikaja presha ya macho. Dada alikuwa na miaka sitini na moja. Alianza kugonga vikombe vilivyokuwa kushoto kwake, akawalaumu wajukuu. Presha ya macho haiumi wala haiwashi, inakula jicho kuanzia pembeni kwenda katikati, na ilichokula hairudishi. Daktari wa macho alifika kwenye hospitali yetu mara moja tu kwa wiki, kila Alhamisi, na ikifika saa saba mchana alikuwa anaondoka kwenda kufanya upasuaji kwenye hospitali nyingine. Waliobaki kwenye mabenchi walipewa tarehe mpya, wiki sita mbele, wakati mwingine nane.

Wakati ule mimi nilikuwa bado kazini, kwa hiyo alienda peke yake. Mara ya kwanza alifika saa mbili asubuhi, akarudi na tarehe mpya. Nilimwambia amechelewa, awahi. Mara ya pili akafika saa moja, akarudi na tarehe mpya. Nikamwambia saa moja ndiyo nini, watu wa hospitali huanzia alfajiri, na mimi ni karani, nayajua mambo ya ofisi. Mara ya tatu alifika kumi na mbili kamili. Alirudi na tarehe mpya na kichwa kinamuuma kwa njaa. Kila alivyozidi kuwahi ndivyo alivyozidi kuwa wa mwisho, na ndivyo nilivyozidi kumwambia awahi.

Alimwona daktari mara ya nne, ukiwa umepita karibu nusu mwaka. Safari hiyo mimi nilimpeleka, tukafika saa nne kwa kuwa nilipitia kazini kwanza, na nilikuwemo ndani ya chumba. Daktari alimulika jicho la kushoto, akalimulika tena, akazima taa yake ndogo. "Mama," akasema, "siku zote hizi ulikuwa wapi?"

Dada akamjibu kwa adabu, "Nilikuwa hapo nje, kwenye benchi." Halafu akamwomba radhi.

Jicho la kushoto halikurudi. La kulia likaandikiwa dawa ya matone asubuhi na jioni, na kila baada ya miezi michache akapimwe. Kuanzia hapo dada yangu akaanza kuota meno uzeeni. Kwenye ofisi ya maji kijana mmoja alimwacha amesimama huku anaongea na mchumba wake kwenye simu, dada akaweka mkoba juu ya meza yake, juu ya karatasi zake, akamwambia, "Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi, na iliyobaki kwenye kibakuli ni kidogo. Muage huyo binti." Fundi wa simu aliyemzungusha wiki mbili alimkuta dada ameketi kwenye kiti chake cha kazi, ameshika bisibisi, anasema basi nionyeshe nifanye mwenyewe. Mimi ndiye niliyeona aibu. Kasuku mzima nilikuwa namvuta mkono twende nyumbani, naye ananiambia miaka yote ulitaka niseme, sasa nasema.

Mahali pamoja tu hakuthubutu, kliniki ya macho. Pale aliendelea kuwa yule wa zamani, leso na mkoba. Nilimuuliza kwa nini, akasema ukimkasirisha mtu atakayeshika kisu karibu na jicho lako, mkono wake utatetemeka. Hata mimi niliogopa hivyo hivyo.

Basi ikaja Jumanne moja. Dada alikuwa ametoka kliniki miezi miwili nyuma bila kuonwa, na tarehe yake mpya ilikuwa Alhamisi ya wiki ile. Aliniambia uzi umeanza kumpotea tena, safari hii upande wa kulia. Nilimpeleka kwenye duka la miwani, kwa kuwa nao wana kile kimashine kinachopima presha kwa kupuliza upepo jichoni. Mpimaji alipuliza, akasoma namba, akapuliza tena. Kisha akavuta kiti chake akakaa karibu nasi na kusema polepole kwamba dawa ya matone imeshindwa. Lazima daktari amwone wiki hii. Dada akamuuliza, tukipewa tarehe ya mwezi ujao je? Yule mpimaji akasema, "Mama, mwezi ujao utakuwa unaletwa kwa kushikwa mkono."

Nilijikaza kisabuni mpaka tukafika nyumbani. Dada hakulia. Aliketi kwenye cherehani akashona pindo la suruali ya mteja hadi mwisho, akiinamia sindano mpaka pua inakaribia kuigusa, na nilijua anajipima: bado naona, bado naona.

Alhamisi tulifika hospitali kabla geti halijafunguliwa. Mlinzi alituangalia kupitia kwenye nondo, akacheka, akasema leo mmewashinda hata ndege. Tukawa wa kwanza. Kwenye dirisha la karani kulikuwa na boksi la mbao, jembamba, upana wake sawa na kadi ya kliniki. Unafika, unatia kadi yako, unakaa. Nilimchukulia dada kadi nikaidondosha mwenyewe, na niliisikia ikigusa ubao wa chini. Nilifurahi. Nilimwambia, "Leo hakuna wa kututangulia."

Baada yetu alikuja mzee mmoja mwashi, mstaafu, vidole vyake vimekakamaa kwa saruji, ameshika fimbo. Halafu mama wawili waliofuatana. Mpaka saa mbili mabenchi yote manne yalikuwa yamejaa, ukuta wa nyuma yetu umechakaa rangi kwenye urefu wa vichwa vya watu waliowahi kuegemea pale. Dada alichagua kiti cha pembeni ili jicho lake la kulia lielekee dirisha la karani na mlango wa daktari. Daktari aliingia saa tatu na mkoba wake. Muuguzi akaanza kuita.

Hakutuita sisi. Akaita binti aliyeingia dakika kumi zilizopita. Nikajiambia labda huyo ana dharura. Akaita bwana mmoja mwenye tai. Akaita mama na bintiye. Kila aliyeitwa nilikuwa nimemwona akiingia mlangoni baada yetu, wengine jua likiwa limeshapanda. Mzee mwashi akanong'ona, bila hasira, kwamba hao wana mtu ndani. Mabenchi yote yakaitikia kwa kuguna. Wote waliamini hivyo, na ndiyo maana wote walinyamaza: kama mambo yanakwenda kwa kujuana, utalalamika kwa nani? Na msisahau hawa ni wagonjwa wa macho. Wengi wao hata hilo boksi hawakuliona vizuri.

Saa tano na nusu walikuwa wameshaingia watu kumi na wanne. Nilipiga hesabu. Dakika kumi kila mtu, na dakika tisini zimebaki, ni watu tisa. Kwenye mabenchi tulikuwa bado zaidi ya ishirini, na wengine walikuwa wanaendelea kufika. Kijana mmoja mwenye miwani myeusi alikuwa ameingia saa nne, akatia kadi yake, akakaa na simu yake. Nilimtazama dada. Alikuwa amefumba jicho la kushoto kwa kiganja, na kwa la kulia anasoma bango la kunawa mikono lililokuwa ukutani, herufi moja moja, midomo ikimcheza.

Nikapiga moyo konde nikaenda dirishani. Karani alikuwa mwanamke wa makamo, mchovu, amevua viatu chini ya meza. Nilimsalimu kikarani. Nikamwambia na mimi nilikaa kwenye dirisha kama lake miaka thelathini na moja, najua kazi ilivyo, ila dada yangu jicho moja limekufa na la pili linakufa leo. Alinisikiliza. Alikuwa mtu mwema, lazima niseme hivyo. Alitazama kushoto na kulia, akasema basi nitaichomoa kadi yake huko chini niiweke juu, lakini usimwambie mtu.

Nilirudi karibu nikikimbia. Nikamwinamia dada sikioni. "Tayari. Kadi yako wanaiweka juu. Utaitwa sasa hivi."

"Juu ya nini?"

"Juu ya lundo. Si wanachukua za juu."

Dada akageuza uso wote kunitazama, maana kwa jicho lile moja hana njia nyingine ya kumwona mtu aliye kushoto kwake. "Wanachukua za juu," akasema. "Na sisi tuliowahi tuko wapi?"

Niligeuka nikalitazama lile boksi.

Hapakuwa na mtu ndani. Palikuwa na boksi tu. Kadi ya kwanza ilikwenda chini kabisa, na kila aliyechelewa alilala juu yake, na mkono wa muuguzi ulichukua ya juu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Aliyeamka alfajiri alijizika mwenyewe. Dada alikuwa amejizika Alhamisi baada ya Alhamisi, kila mara chini zaidi, na aliyekuwa anampa jembe ni mimi. Mimi niliyejua. Sitaki kujitetea kwamba sikujua. Pale ofisi ya ardhi tulikuwa na trei ya waya, nami nilichukua faili la juu kila asubuhi ya maisha yangu ya kazi.

Dada akasimama. Akakunja leso yake, akaitia mkobani. Nikamshika gauni. Nilimnong'oneza kwamba ameshapata nafasi, atulie, aitwe, mengine baadaye. Akaniuliza, "Na huyu mzee?" Mwashi alikuwa kando yetu, kidevu juu ya fimbo. Nilimwambia mzee ana wake wa kumhangaikia, mimi nahangaikia jicho lako. Nilisema kweli, na ningeisema tena. Akautoa mkono wangu kwenye gauni lake, kidole kimoja kimoja.

Alienda dirishani akamwambia karani, kwa sauti ya kawaida lakini iliyofika mabenchi yote, kwamba kadi za kwanza ziko chini na za mwisho ziko juu, na anaomba lundo ligeuzwe. Karani akanitazama mimi kwa jicho la umenisaliti, akamwambia mama kaa, utaitwa. Dada hakukaa. Muuguzi akatoka kuchukua kadi nyingine, akaambiwa lile lile, akasema huo ndio utaratibu, ameukuta na atauacha. Akanyoosha mkono kwenye boksi. Dada akaufunika mdomo wa boksi kwa kiganja chake.

Pale ukumbi mzima uliamka. Mama mmoja akauliza ina maana sisi wa alfajiri ndio tunafukiwa. Mwingine akasema ndiyo maana, ndiyo maana. Yule kijana wa miwani myeusi akasimama, kadi yake ilikuwa ya juu kabisa, akasema na yeye ameomba ruhusa kazini, na bosi wake si mjomba wake. Akasema bibi asituharibie siku. Watu wawili wakamuunga mkono, kumi wakampinga, na muuguzi akamwita mlinzi.

Mlinzi alikuja na rungu lake kiunoni. Kichwani nilishamwona dada anatolewa nje, geti linafungwa, jicho linakwenda. Niliomba kwa sauti, sioni haya kusema, nilimwambia dada yangu mkubwa keti, tafadhali keti, maneno ambayo maisha yangu yote nilidhani nayachukia. Muuguzi akamwambia mlinzi huyu mama anafanya fujo. Mlinzi akamtazama dada, akatazama kiganja chake juu ya boksi, akajikuna shingo. "Huyu ndiye niliyemfungulia geti," akasema. "Wa kwanza. Sasa hajaonwa bado?"

Hapo ndipo mlango wa daktari ulipofunguka. Ilikuwa saa sita na robo. Daktari alikuwa na taa yake ndogo kwenye paji la uso, akauliza kuna nini. Kila mtu akasema lake kwa pamoja. Dada akangoja wamalize. Hiyo subira alikuwa nayo bado.

"Daktari," akasema, "uliwahi kuniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa chini ya boksi hili. Jicho la kushoto lilifia hapa, kwenye benchi la pili, na mimi niliomba radhi. La kulia siliombei radhi."

Daktari akaomba kadi yake. Karani akaichomoa chini kabisa, akampa. Alisoma, akageuza, akasoma karatasi ya mpimaji wa miwani niliyokuwa nimeibana ndani, na nikaona uso wake unabadilika. Akaenda kando ya mlango akasema, "Ingia, mama."

Nikashukuru Mungu. Nikamshika dada kiwiko kumwingiza. Hakusogea.

"Wageuze kwanza," akasema.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dada yangu kwa dakika ile moja. Mlango uko wazi, daktari amesimama, saa ya ukutani inakwenda, na yeye ameshika boksi kama ameshika usukani. Nilitaka kumbeba. Daktari akasema yeye hajui mambo ya kadi, yeye analetewa tu. Dada akasema ndiyo, kila mtu hapa analetewa tu. Nilisikia fimbo ya mwashi ikigonga sakafu mara moja, labda kwa bahati mbaya.

Daktari akamtazama muuguzi. Akasema, "Geuza."

Dada akaondoa kiganja. Muuguzi akalimwaga lundo lote juu ya meza ya karani, akaligeuza juu chini, na kabla hajachukua ya juu, daktari akairudisha ile ya dada aliyokuwa ameishika, akailaza juu ya zote. Muuguzi akaiokota, akasoma jina la dada yangu kwa sauti kubwa, kama vile hajamwona. Dada akaitika, akaingia.

Saa saba ilipita, na daktari hakutoka na mkoba wake. Sijui alimpigia nani simu. Aliwaona wa alfajiri wote, mwashi akiwa wa pili, akaondoka karibu saa tisa. Yule kijana wa miwani myeusi hakufikiwa. Alipewa tarehe ya wiki sita mbele, na alipopita mbele yetu alitusonya. Dada alimwita mwanangu, akamwambia samahani kwa siku yako, safari ijayo wahi, kuwahi sasa kunalipa. Hakucheka, na sikumlaumu. Siku yake nayo iliibwa, na safari hii walioiiba ni sisi.

Dada alipasuliwa kesho yake asubuhi, kwenye ile hospitali nyingine. Bandeji ilipotolewa, daktari alisema alichowahi kimeokoka, ukingo mdogo tu umekwenda. Mkono wake haukutetemeka.

Wiki tatu baadaye nilimkuta dada kwenye chumba chake cha kazi, jioni, anatunga uzi. Alikosa mara mbili, ya tatu ukapita. Lundo la vitambaa vya siku lilikuwa juu ya meza. Nilikuwa nimelibeba neno tangu siku ile, nikalitoa. Nikamwambia, "Dada, mimi ndiye niliyekuwa nakuambia uwahi."

"Najua," akasema.

Akashona mstari mmoja mpaka mwisho. Nilidhani yameisha. Kisha akaondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza.

"Wale watu wa ofisini kwako," akaniuliza, "walikuwa wanaamka saa ngapi?"

Nilifikiria ukumbi wa ofisi ya ardhi, lile benchi alilokaa siku kumi na moja ili mimi nikae upande wa pili wa dirisha. Nilifikiria sura zilizokaa pale baada yake, miaka thelathini na moja, na hakuna hata moja niliyoweza kuikumbuka vizuri.

"Sijui, dada. Sikuwahi kuwauliza."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alirudisha mguu kwenye pedali, akainamia sindano kwa lile jicho lake moja, na bila kuniangalia akasema, "Kasuku, geuza lundo."

Nikavua saa yangu nikaiweka kando. Nikaligeuza, kitambaa kimoja kimoja, pini zikinichoma, mpaka cha kwanza kikawa juu.